Tarakimu nane na betri mbili

Mwaka 1993 pesa za Zaire ziliishinda kalkuleta ya mfukoni. Kioo chake kilikuwa na nafasi ya tarakimu nane, na noti ya zaire 5,000,000 ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Muuzaji yeyote wa Kampemba, mjini Lubumbashi, aliyejumlisha noti 20 za aina hiyo alifika milioni 100, yaani tarakimu tisa, na mashine ikagoma. Oktoba serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Jumla ile ikashuka hadi 33 na kitu. Zaire ya kwanza, ya mwaka 1967, ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani.

Kalkuleta za wakati huo hazifi upesi. Kinachokufa ni betri.

Kalkuleta za mwanzo, zenye namba nyekundu zinazowaka, zilikula umeme mwingi ambao betri ya saa isingeumudu. Mwaka 1973 Sharp ilitoa EL-805, yenye kioo cha namba zisizotoa mwanga, na betri moja ya kawaida ikaiendesha kwa saa 100 hivi. Tangu hapo mashine ziliendelea kuwa nyembamba, hadi vidonge viwili vya betri ya LR44 vikatosha.

Mjini Lubumbashi mtu akitaja betri, wengi hufikiria kobalti. Lakini LR44 hupata umeme wake kwa zinki na oksidi ya manganisi, na Katanga ilichimba yote mawili. Manganisi ya Kisenge ilipita reli ya Benguela kwenda Atlantiki, mpaka vita vya Angola vikafunga njia mwaka 1975. Zinki ilitoka Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini, kwenye mgodi ulioanza mwaka 1924. Nao ulisimama mwaka 1993, wenye duka wakiwa bado wanahangaika na sufuri. Zinki yake ilianza kutoka tena mwaka 2024.

Anayetaka kuifufua kalkuleta ya enzi hiyo afungue mgongo wake kwa bisibisi ndogo na asome maandishi ya betri ya zamani kabla ya kwenda dukani. LR44 ina upana wa milimita 11.6 na unene wa 5.4. LR43 ina upana uleule, ila unene wake ni 4.2 tu, kwa hiyo inaingia vizuri lakini huenda isiguse chuma cha juu. SR44 inalingana na LR44 kwa kila kipimo. Ina oksidi ya fedha, bei yake iko juu, na nguvu yake hubaki karibu palepale, volti 1.55, hadi inapokaribia kwisha. Kwa mashine inayotumika kila siku, gharama hiyo inafaa kabisa. Pakiwa na unga mweupe kwenye vyuma, pamba yenye tone la siki huutoa. Paachwe pakauke kwanza. Kisha betri zote mbili zibadilishwe pamoja, kwani mpya ikiunganishwa na iliyochoka, ile iliyochoka huwahi kuvuja.