Kipimo cha Mto Nile na Fiqhi ya Kukadiria Yajayo

 

Yapo maneno yanayosikika katika baadhi ya misikiti yetu, kwamba mfanyabiashara au serikali inayokaa kukadiria mavuno na bei za miaka ijayo inaingilia elimu ya ghaibu, na kwamba mwenye kutawakali hana haja ya mipango ya namna hiyo. Msemaji huwa na nia njema. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima kutokana na mali ya Banu Nadhir, na hakuna aliyemshinda yeye kwa kutawakali. Kuhukumu kwa alama ni jambo moja, na ukuhani ni jambo jingine. Mafakihi walishughulishwa zaidi na suala jingine: anayejua mapema, anaifanyia nini elimu yake? Ili kulieleza hili tumechagua historia ya Misri.

Nabii Yusuf (a.s.), kama ilivyo katika Sura ya 12, aya ya 47 mpaka 49, hakuishia kufasiri ndoto. Alitoa mpango: miaka saba ya kulima kwa bidii, nafaka iachwe katika masuke yake, iliwe kidogo tu, kisha ije miaka saba ya shida italayokula akiba. Yusuf alikuwa na wahyi. Waliokuja baada yake walikuwa na mto tu.

Mto huo ulikuwa ukifurika wakati wa kiangazi cha Misri kwa mvua zinazonyesha katika milima ya Uhabeshi. Maji yalipopungua, mashamba hayakufikiwa, yalipozidi, yaliharibu. Kwa hiyo aliyeyapima maji katika miezi ya mafuriko aliyajua mavuno kabla mbegu haijatiwa ardhini. Mwaka 247 Hijria (861) Khalifa al-Mutawakkil aliamuru kijengwe kipimo kipya katika kisiwa cha Rawda: shimo lililojengwa kwa mawe, na katikati yake nguzo ya marumaru yenye pembe nane, iliyotiwa alama za dhiraa na vidole. Mlinzi wake alikuwa Abu al-Raddad, muadhini aliyetoka Basra, na kazi hiyo ikabaki katika kizazi chake kwa karne nyingi. Nguzo ipo mpaka leo.

Dhiraa 16 ndicho kiwango walichokiita maji ya Sultani. Hapo ndipo kharaji, yaani kodi ya ardhi, ilipostahiki kukusanywa kwa ukamilifu, na ardhi isiyofikiwa na maji haikutozwa. Hata hivyo Nasir Khusraw, aliyefika Misri mwaka 1047, anataja 18. Tope huinua sakafu ya mto, na alama iliyotosha zamani haitoshi tena. Anayekadiria kwa kipimo cha babu yake bila kukihakiki atakosea.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Viwango hivyo vya kila mwaka, vilivyohifadhiwa na wanahistoria katika orodha inayoanzia mwaka 622, vilitumiwa na mhandisi Mwingereza Harold Hurst alipokuwa akihesabu ukubwa wa akiba ya maji inayohitajika kwa bwawa kubwa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970. Katika utafiti alioutoa mwaka 1951 alionyesha kwamba miaka ya maji haba huandamana kuliko inavyotazamiwa kwa bahati tupu. Mwaka 1968 mwanahisabati Mandelbrot na mwenzake waliipa hali hiyo jina la Nabii Yusuf.

Turudi Cairo. Desturi ilikuwa wanadi kupita mitaani kila siku wakitangaza maji yamepanda vidole vingapi. Mwaka 362 Hijria (973) al-Mu'izz, mtawala wa Kifatimi, alikataza. Habari apelekewe yeye na kamanda wake Jawhar tu, na tangazo litolewe maji yakishafika dhiraa 16. Sisi hatuafikiani na itikadi ya Mafatimi, lakini al-Maqrizi, aliyekuwa Sunni na aliyepata kuwa muhtasib wa Cairo, aliisifu siasa hiyo na kuieleza sababu yake: maji yakisita, watu huingiwa na hofu, wenye nafaka huifungia ghalani, wenye fedha hukimbilia kununua, na bei hupanda kabla hata ya njaa yenyewe.

Sasa tuangalie fiqhi. Muslim amepokea hadithi kwamba hahodhi ila mwenye makosa. Imamu al-Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, anaeleza kwamba ihtikari iliyoharamishwa ni kununua chakula wakati wa ughali na kukiweka ili bei izidi kupanda. Ama aliyenunua wakati wa urahisi akaweka, au aliyeweka mavuno ya shamba lake, huyo hana dhambi. Anayekadiria vizuri hununua wakati wa urahisi! Basi aliyepenyezewa kiwango cha mto na mlinzi wa kipimo, akanunua leo kwa bei nafuu kwa mkulima asiyejua, huponyoka katika maneno ya hukumu hii. Tunaona ndiyo maana mambo mawili mengine yalihitajika: siasa ya mtawala juu ya habari yenyewe, na kauli aliyoinukuu al-Nawawi kuwa ni ijmai, kwamba mwenye chakula ambacho watu wamekidharurikia na hawapati kingine, hulazimishwa kuuza.

Je, kuficha habari ni bora? Kwa maoni yetu, Yusuf (a.s.) aliweza kuitangaza miaka saba ya shida waziwazi kwa sababu tangazo lake lilifuatana na maghala. Al-Mu'izz alificha kwa kuwa utabiri usio na ghala humtisha maskini na kumtajirisha mwenye mtaji. Siku hizi mamlaka za hali ya hewa hutangaza mapema mwelekeo wa vuli na masika kwa kila mtu, nalo ni jema. Maimamu watakaoulizwa na wanunuzi wa mahindi wakati wa mavuno waulize na wao kuhusu ghala.

Na hata ghala lina mwenyewe. Mwaka 806 Hijria (1403) mto ulipungua, Misri ikaingia katika njaa, na al-Maqrizi akaandika kitabu chake juu ya maafa hayo mwaka 808 (1405). Hakuulaumu mto peke yake. Alitaja vyeo vilivyonunuliwa kwa rushwa, na mwenye cheo akalazimika kuwakamua raia ili arudishe gharama yake. Alitaja kodi za mashamba zilizopandishwa mpaka mkulima akashindwa kulima. Na alitaja sarafu za shaba zilizomiminwa sokoni zikachukua nafasi ya dhahabu na fedha. Mambo hayo matatu hayakuhitaji nguzo ya Rawda kuyaona, kwani yalikuwa mbele ya macho ya kila mtu sokoni miaka kadhaa kabla maji hayajapungua.