"-ka-" na "and": sentensi ambatano Bungoma na Kitale

Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtoto wa Bungoma aliyelelewa kwa Lubukusu akatakiwa aunge sentensi kwa "and" na "but" kabla hajaelezwa lolote kwa lugha ya mamake. Ripoti ya Gachathi, 1976, ikageuza mambo: lugha ya eneo itumike madarasa matatu ya mwanzo, Kiingereza kiwe somo tu hadi darasa la nne. Kwa kipimo hicho, Bungoma vijijini ni Lubukusu. Kitale je, mji uliozungukwa na mashamba ya walowezi, yaliyovuta vibarua wa kila kabila? Kiswahili, bila shaka.

Na hapo ndipo penye utamu. "Nilikwenda sokoni nikanunua ndizi" ni sentensi ambatano isiyo na kiunganishi. Kazi yote imefanywa na "-ka-". Mtoto huyo akiandika "I went to the market I bought bananas", kalamu nyekundu hiyo! Kosa ni kosa, sikatai, lakini kuunganisha anajua. Hajaambiwa tu kwamba Kiingereza hapo hudai "and". Vivyo hivyo "Anasoma" ni sentensi sahili nzima, neno moja. Akiandika "Is reading", jamani, tunamcheka.

Mwalimu angeziandika sambamba ubaoni, somo likaisha kwa dakika kumi. Ila shule nyingi zilipiga marufuku Kiswahili hata nje ya darasa, na aliyeteleza akavishwa kibao shingoni.