Msimbo wa Raskazone, saa ya Moscow: Programu huria zinavyochunguzwa

Ukikaa Raskazone, Tanga, ukaandika mistari michache ya programu na kuituma mtandaoni kwa Git, haiendi kazi peke yake. Git inabeba pia jina lako, barua pepe, muda ulioandika na alama +0300, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa.

Shida ni kwamba Moscow nao ni +0300. Riyadh na Istanbul vilevile.

Nani anajali? Watafiti. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma na kuubadilisha. Hifadhi yake kubwa ni Software Heritage, iliyotangazwa 2016 na taasisi ya Inria ya Ufaransa, waanzilishi wakiwa Roberto Di Cosmo na Stefano Zacchiroli. Ina mafaili zaidi ya bilioni 20. Kila faili lina alama yake, kama ya kidole, hivyo hata likinakiliwa kwenye miradi elfu moja linatunzwa mara moja tu. Faida yake? Kasoro ya usalama ikigundulika, inafuatiliwa imesambaa wapi. Na tovuti ikifungwa, kama Google Code ilivyofungwa 2016, kazi za watu hazipotei.

Mwaka 2022, Davide Rossi na Zacchiroli waliitumia hifadhi hiyo kuuliza: wanaoandika wako wapi duniani? Walipitia mabadiliko kama bilioni 2.2, ya miaka 50. Amerika Kaskazini na Ulaya ndizo zilizotawala, sehemu nyingine zikipanda taratibu.

Kumpangia mtu eneo, walitegemea majina na saa. Sasa mchukue Salim wa Tanga: saa yake ni ya Riyadh, na jina lake Riyadh lipo tele. Mashine itamweka wapi? Mtu wa pwani ana nafasi kubwa ya kuhesabiwa kwingine.

Na si kwamba hatuandiki. DHIS2, inayokusanya takwimu za vituo vya afya nchini, ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo kwenye mtandao wake miaka mingi.

Rossi na Zacchiroli waliangalia pia mwisho wa barua pepe. Ya .tz ingetusaidia, ila wengi wetu tuko Gmail.