KATUNI ZA KIJAPANI, KIBANDA UMIZA NA SONI YA KIKURYA

Mitihani imeisha, habari za sapu tutazijua mbele ya safari, sasa turudi kwenye mambo yetu. Leo nawaletea historia kidogo, maana ndiyo kozi yenyewe inayokula bumu langu.

Hapa hosteli kuna mjadala hauishi: ni anime gani ambayo ni soo kuiangalia mbele za watu? Majina yanayotajwa ni yaleyale. High School DxD ya mwaka 2012. Prison School ya 2015. Kill la Kill ya 2013, ambayo ukimsimulia mtu hadithi yake inasikika safi kabisa (binti anamtafuta aliyemuua baba yake), mpaka mtu apite nyuma yako aone huyo binti kavaa nini. Hata Shokugeki no Soma ya 2015, ambayo ni mashindano ya kupika tu jamani! Lakini jaji akishaonja chakula... basi, walioiona wanajua. Mlango ukigongwa, laptop inafungwa paa!

Washikaji wanabishana kana kwamba soo iko ndani ya katuni. Mimi nasema hapana. Soo iko kwenye kiti cha pembeni yako. Na sisi tuliotoka Tarime na Serengeti tulikuwa na hesabu ya hivyo viti hata kabla umeme haujafika.

Tuanze na wenyewe Wajapani, msije mkadhani wao hawana aibu. Mwaka 1968 mchoraji Go Nagai alianza kuchora Harenchi Gakuen kwenye jarida la vijana la Shonen Jump. Ilikuwa hadithi ya shule yenye vituko vya kufunuana sketi, na wazazi na walimu wakaja juu nchi nzima. Mwaka 1992 ikaja Crayon Shin-chan kwenye televisheni, kale katoto ka miaka 5 kanakoshusha kaptula mbele za wageni, wazazi wakalalamika tena. Juzi tu, mwaka 2020, Interspecies Reviewers ilianza kuonyeshwa, na ndani ya wiki chache kampuni ya Funimation ya Marekani ikaitoa, kituo cha Tokyo MX nacho kikaiacha. Halafu kuna hili: maduka ya vitabu ya Japani yana desturi ya kukufungia kitabu ulichonunua kwa karatasi juu ya jalada, abiria mwenzako kwenye treni asijue unasoma nini. Kitabu ni kilekile, wewe ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu kakaa pembeni.

Sasa twende nyumbani. Kiswahili kina neno soni, maana yake aibu au haya. Si neno la kuazima. Waganda wanasema ensonyi, Wakisii wana chinsoni, na Kikurya kina neno la shina hilohilo. Ila kwa watu wa huku kwetu neno hilo linabeba zaidi ya aibu. Ni utaratibu mzima wa nani anaweza kusema nini mbele ya nani.

Mwanaanthropolojia mmoja Mwingereza, Malcolm Ruel, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1962 baada ya kukaa na Wakurya. Kila Mkurya anazaliwa ndani ya irikora, yaani kizazi chake, kinachofuata kile cha baba yake. Wingi ni amakora, na yamegawanyika pande mbili, Saai na Chuma. Upande wa Serengeti, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye nao wana mipangilio yao ya rika na vizazi inayofanana na hiyo. Kanuni yake kwa kifupi ni hii: kizazi cha baba na kizazi cha mtoto vinaheshimiana, na hapo soni ni kali. Mambo ya mwili na mapenzi hayatajwi. Mkwe na mkwe ndiyo usiseme. Lakini ukiruka kizazi kimoja, babu na mjukuu wanataniana bila shida. Bibi anaweza kukuita mume wake na kukuuliza mambo ambayo baba yako akiyasikia tu anatoka nje. Na wenye rika moja, waliotahiriwa pamoja, hao hawafichani kitu.

Kwa hiyo swali la hosteli lina jibu la Kikurya. Prison School pamoja na mzee wako, haiwezekani. Na wana wa rika lako, ruksa. Na babu? Hapo ndipo panaponoga, nitarudi.

Msidhani kuhesabu viti ni mambo ya kijijini tu. Serikali ya Waingereza nayo ilihesabu. Sinema zilipoanza kusambaa Afrika Mashariki, wakaguzi wa kikoloni walikuwa na tabia ya kupitisha picha kwa Wazungu, pengine na Wahindi, halafu picha hiyohiyo wakaikataza kwa Waafrika. Walichokiogopa zaidi ni Mwafrika kumwona mwanamke wa Kizungu kwenye kioo akiwa nusu uchi au akibusiwa, na Mzungu kuonekana jambazi. Huku wanakataza, huku wanatutengenezea picha "zinazotufaa": kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri kule milima ya Usambara, wakipiga picha za kilimo, afya na kuweka akiba, kisha wanazizungusha kwa lori. Yaani picha moja ilikuwa "burudani" kwenye kiti kimoja na "hatari" kwenye kiti kingine. Tofauti na wazee wa Tarime ni kwamba wazee walipanga viti kwa heshima ya kizazi, Waingereza wakapanga kwa rangi ya ngozi.

Pwani nao walikuwa na ufundi wao. Zanzibar na miji mingine ya Waswahili kulikuwa na maonyesho ya zanana, ukumbi mzima wanawake watupu, wanajiachia, wanalia na kucheka na picha za Kihindi bila baba wala mume kuwaona. Dar es Salaam mwaka 1966 likafunguliwa jumba la sinema la kuangalia ukiwa ndani ya gari. Mwenye gari akawa na kiti chake na dirisha lake, anafunga. Wengine wote tuliendelea kukaa kwenye benchi.

Na benchi letu lilichelewa. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda 1963, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara tulisubiri mpaka 1994! Mwalimu aliona ni anasa kwa nchi maskini. Fikiria mtu wa Sirari, anavuka barabara tu yuko Isebania, nchi ambayo ina televisheni kwa miaka 32 zaidi ya kwao.

Kilichojaza pengo hilo ni video. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, deki na mikanda vikaingia, na hapo ndipo kikazaliwa kibanda umiza. Hakuna wa kizazi chetu asiyekijua: mabati au maturubai, mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nyuma, ubao wa chaki nje umeandikwa Rambo, Komando, Van Damme. Jasho, moshi, na mtu wa nyuma anapiga kelele steling hafi! Tarime mjini, Mugumu, Nyamongo kwenye dhahabu, hadithi ni moja.

Sasa wadau, angalieni kibanda kwa macho ya amakora. Ndani kuna akina nani? Vijana wa rika moja. Mzee mwenye heshima zake haingii, na akionekana mlangoni anamtafuta mtoto wake, kibanda kizima kinanyamaza. Si kwamba hakujua kinachoendelea. Alijua, na ndiyo maana hakuingia. Kibanda kilikuwa zanana ya wavulana. Usiku ukiwa mkubwa mwenye kibanda mwingine anaweka pilau (mnanielewa, si ile ya Idi), na hilo ndilo lililofanya wazazi na polisi wavichukie vibanda. Hawakukosea. Wapo watoto wadogo walioingia mule na kuona vitu ambavyo hakuna mtu aliwaeleza.

Ila kibanda kilikuwa na kitu kingine: sauti ya mtu. Mnamkumbuka Lufufu? Kapteni Derek Gaspar Mukandala, mwanajeshi aliyestaafu, aliyekuwa anatafsiri picha za Wazungu, Wachina na Wahindi kwa Kiswahili juu ya sauti yao, anaeleza, anachekesha, anaonya. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Steling akimkumbatia binti, huachwi peke yako na lile kumbatio. Kuna jamaa anakuambia jambo, watu wanacheka, soo inayeyuka. Kwa hesabu ya Kikurya, Lufufu alikuwa babu yetu. Mtani aliyeruhusiwa kutaja.

Serikali huru nayo haikulala. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, ilitaka picha ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Jirani zetu Kenya, mwaka 2017 bodi yao ya filamu ilipiga marufuku katuni 6 kwa mpigo, pamoja na The Legend of Korra na Adventure Time, ikidai zinahimiza ushoga. Mjadala wake ni mrefu, leo naudaka sehemu moja tu. Bodi zote hizi zinakagua picha. Inapita au haipiti, kwa umri gani, basi. Soni ya wazee haikuwahi kukagua picha peke yake, ilikagua nani amekaa na nani. Ndiyo maana bodi imeshindwa na simu. Simu haina ukumbi, na mkaguzi hana mlango wa kusimama.

Haya, turudi kwa babu na anime.

Mnaoangalia Naruto (ilianza kwenye televisheni 2002) mnamjua Jiraiya, yule mzee mwenye nywele nyeupe anayechungulia wanawake wakioga na kuandika riwaya za mapenzi. Mzee wa aina hiyo Tarime angefukuzwa na mbwa, sivyo? Subirini. Jiraiya alimfundisha Minato, na Minato ndiye baba yake Naruto. Piga hesabu ya amakora, ukimchukua mwalimu kama mzazi: Jiraiya ni babu, Naruto ni mjukuu. Wanaruhusiwa kutaniana! Na kweli ndivyo wanavyoishi, dogo anamtukana mzee mchana kutwa na mzee anacheka. Kwa hiyo yule babu wa Kikurya asingeshtuka kwa utani wao. Angeshtuka kwa Kakashi, mwalimu wa darasa, anayesoma riwaya hizohizo za Jiraiya waziwazi mbele ya wanafunzi wake. Na hata Kakashi haruhusu wasome naye, wala hawasimulii kilichomo. Wajapani walioandika hadithi ile wanaijua soni kuliko tunavyowapa sifa.

Hapa sasa natoka kwenye utani.

Anime imetufikia sisi wakati mmoja na laptop, flashi na simu janja. Haikupita kibandani. Haikupita kwa Lufufu. Inatoka kwenye flashi ya mshikaji inaingia kwenye blanketi lako, hedifoni masikioni, saa 8 usiku. Kila mtu sasa ana lile gari la mwaka 1966, dirisha limefungwa. Watu wanasema vijana hawana haya tena. Si kweli, laptop isingefungwa paa! Haya tunayo tele. Tulichopoteza ni ule upande wa pili wa soni, upande ulioruhusu.

Maana soni ilifunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Ilimwambia baba anyamaze, halafu ikampa bibi, babu na wa rika lako kazi ya kusema. Leo baba bado ananyamaza, sheria hiyo tumeitunza vizuri sana. Lakini bibi yuko kijijini, wewe ulienda bweni ukiwa form one, na rika lako kila mmoja kaweka hedifoni. Mtoto wa miaka 12 Mugumu au Nyamongo anaona picha ambayo babu yake angeifanyia mzaha na kumweleza ipi ni kweli na ipi ni uongo wa wachoraji, halafu hakuna wa kumwambia neno. Amebaki na picha bila mtani. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatari, kuliko sketi fupi ya kwenye katuni.

Ushauri wangu kwa wana wa hosteli si kufuta mafolda, maana hamtafuta. Ni kutoa hedifoni moja. Mwite wa rika lako akae, mcheke pamoja, mbishane, ile sehemu ya kijinga muiite ya kijinga kwa sauti. Na ukienda likizo una mdogo wako mwenye simu, usimpekue. Wewe si baba yake, una nafasi ya kutania ambayo mzee hana. Itumie.

Mzee akiingia, fungeni. Hiyo haina mjadala.

Naomba kuwasilisha.