Pongwe: jiwe la saruji, njia ya maji

Ukitaja Pongwe, wengi wanakumbuka saruji ya Simba. Kiwanda kilianza uzalishaji 1980, kikifuata jiwe la chokaa lililojijenga chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Jiwe la umri huohuo ndilo lenye mapango ya Amboni. Nani aliyachimba? Maji tu! Mvua hubeba kaboni dayoksaidi, inakuwa asidi dhaifu, inayeyusha chokaa polepole na kupanua nyufa.

Hapo ndipo penye hatari. Mchanga huchuja maji, nyufa hazichuji. Oili chafu ya gereji au maji ya choo yanaweza kufika kisimani upesi, tena bila kubadili rangi. Basi kabla ya kuchimba choo, uliza: kisima cha jirani kiko wapi?