Kuni au Makaa ya Mawe: Historia ya Chanja ya Jiko la Uingereza

Tofauti kati ya jiko la kuni na jiko la nishati mseto, yaani lile linalochoma kuni na makaa ya mawe vilevile, haimo katika umbo la nje bali katika chanja, ambayo ni vyuma vilivyopangwa kwa nafasi ili kuubeba moto juu ya sinia la majivu. Gogo huwaka vyema likilalia jivu la moto na kupata hewa kutoka juu, jambo ambalo mpishi wa mafiga hahitaji kufundishwa, ilhali makaa ya mawe, kama ulivyo mkaa wa kawaida katika jiko lenye matundu, hayakolei pasipo hewa kupenya kutoka chini.

Chanja hiyo ilienea majumbani mwa Waingereza kwa sababu ya uhaba. Bei ya kuni ilipopanda London mwishoni mwa karne ya 16, wakazi wake waligeukia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Newcastle, na meko mapana ya kale yakapunguzwa ili yaufae moto mpya. Mwaka 1661 mwandishi John Evelyn alimwandikia Mfalme Charles II kijitabu, Fumifugium, akiushutumu moshi wa jiji, ingawa lawama aliwatupia watengeneza bia na wachoma chokaa huku akiwasamehe wapishi. Msamaha huo ulikuwa wa mapema mno, kwa maana ukungu wa moshi ulioifunika London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ukaua maelfu ya watu, ulitokana kwa sehemu kubwa na dohani za nyumba za kawaida, na Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikaruhusu kutengwa kwa maeneo ambamo moshi wa majumbani ulidhibitiwa.

Jiko la nishati mseto husifiwa kwa uhuru linaompa mwenyewe, lakini uhuru huo ni wa zamu, si wa kuchanganya, kwani salfa ya makaa ikikutana na unyevu wa kuni mbichi huzaa asidi inayoila dohani. Hata zamu yenyewe imebanwa: tangu Mei 2021 kuni zinazouzwa England kwa mafungu madogo hazipaswi kuzidi unyevu wa asilimia 20, na tangu tarehe 1 Mei 2023 makaa ya mawe ya kawaida hayauzwi tena huko kwa matumizi ya nyumbani.