Kaseja: Nyanda Aliyepita Moro, Akapendwa, Akazomewa, Akarudi

Wadau wa mji kasoro bahari, kuna ubishi mmoja vijiweni kwetu hauishi: nani golikipa bora wa muda wote Bongo? Wazee watakutajia Juma Pondamali "Mensah", wa kikosi kilichocheza AFCON 1980 kule Nigeria. Sisi wa kizazi hiki tunasema Juma Kaseja, na Moro tuna haki ya kujidai kidogo. Jamaa ni mtoto wa Kigoma, ila kabla hajawa staa alidakia Moro United.

Mwaka 2003 akiwa Simba, kijana mdogo tu, akaenda Cairo kukutana na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 Dar, Zamalek nao wakashinda 1-0 kwao. Zikaja penalti. Kaseja akadaka, Christopher Alex akapiga ya mwisho, bingwa akavuliwa taji. Tangu siku hiyo jina likawa la kila mtu.

Sasa ndo utamu na uchungu unapoanza. Kocha Marcio Maximo alimweka kando Taifa Stars, Tanzania ikaenda CHAN 2009 bila yeye, na mashabiki walilalamika mpaka basi. Maximo alipoondoka, Kaseja akarudi na baadaye akavaa kitambaa cha unahodha.

Klabuni nako hakukuwa shwari. Mwaka 2008 alihamia Yanga, mwaka uliofuata akarudi Msimbazi. Mwaka 2013 Simba wakaachana naye, akaenda tena Jangwani. Desemba hiyohiyo, mechi ya Nani Mtani Jembe, Yanga ikalala 3-1 mbele ya Simba, na lawama zote zikamwangukia yeye. Straika akikosa mabao matano halafu akafunga moja, anabebwa juu. Kipa akiokoa matano akafungwa moja la kizembe, ameuza mechi. Ndo kazi yenyewe hiyo.

Wengi tulijua kaisha. Akashuka kimyakimya: Mbeya City, Kagera Sugar, KMC. Alidaka tu.

Halafu 2019, akiwa na miaka 34, Stars wakamwita. Agosti, Nairobi, Kenya wakatolewa kwa penalti 4-1 kufuzu CHAN. Septemba, Dar, ikawa zamu ya Burundi kufuzu Kombe la Dunia: penalti 3-0, wageni hawakupata hata moja. Langoni? Yuleyule "aliyekwisha". Waliomzomea ndo walioimba jina lake.

Leo glavu kazitundika, anafundisha. Kwa hiyo kabla hujamtukana kipa wa timu yako Jumapili hii pale Jamhuri, kumbuka: huenda miaka sita mbele ndo utamwomba akuokoe. Haya, wa kwako wa muda wote ni nani?